Binti wa Kishapu aliyeacha mgodi akachagua kulinda friza za utafiti

Ukimsomesha mtoto umeme katika Wilaya ya Kishapu, majirani huwa wameshampangia kazi kabla hajamaliza chuo. Ataenda mgodini. Hapo hapo wilayani kuna Mwadui, ambako almasi zinachimbwa tangu mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, alipozigundua mwaka 1940. Ukielekea Kahama kuna Bulyanhulu. Ukisogea zaidi upande wa ziwa kuna Geita na dhahabu yake.

Kwa mzazi wa ukanda huu, kumsomesha mtoto umeme ni kumsomeshea mgodi. Mkulima mmoja wa pamba wilayani humo alikuwa na hesabu hiyo hiyo. Ng'ombe wawili waliuzwa ili binti yake wa kwanza aanze mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme Dar es Salaam. Wengine waliuzwa mmoja mmoja kadiri ada ilivyodai. Hakulalamika. Aliamini kwamba mshahara wa mgodini ungewarudisha zizini, na wadogo zake binti wangesoma kwa jasho la dada yao.

Binti alihitimu. Barua za kazi zikaja mbili. Moja ilitoka kwa mkandarasi anayefanya kazi mgodini, mshahara mnono, zamu za wiki mbili ndani na wiki mbili nje. Nyingine ilitoka kituo kimoja cha utafiti wa afya jijini Mwanza, ambacho kilikuwa kinatafuta mhandisi wa kusimamia nyaya za umeme na za mawasiliano kwenye maabara zake. Mshahara ulikuwa mdogo kwa mbali. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili.

Akachagua Mwanza. Alipomweleza baba yake kwamba kazi yake kubwa itakuwa kuhakikisha friza za maabara hazikosi umeme, mzee aliuliza swali ambalo wazazi wengi wangeuliza.

"Friza? Nimeuza ng'ombe ili ukalinde friza?"

Mama yake alijaribu kumtetea. "Baba fulani, mtoto ameshakua. Mwache." Mzee hakumjibu mama wala mtoto. Msimu mzima wa kupalilia ulipita wakisalimiana tu kwenye simu. Mwangaluka baba, mwangaluka, habari za huko, njema, basi.

Ndani ya friza hizo kuna nini

Friza ya nyumbani ya kugandishia samaki hufika kama nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Friza za maabara za utafiti hushuka hadi nyuzijoto 80 chini ya sifuri. Humo ndani hakuna nyama wala maziwa. Kuna vichupa vidogo kuliko kidole, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kina namba. Ndani yake ni damu au majimaji ya damu ya watu waliokubali kushiriki utafiti.

Thamani ya vichupa hivyo ni muda. Mtafiti anayetaka kujua kama chanjo inadumu humchukua mtoto damu kabla ya kuchanjwa, baada ya mwezi, baada ya mwaka, baada ya miaka miwili, kisha hulinganisha. Friza ikizima na sampuli zikayeyuka, huwezi kumrudia mtoto yule ukachukua upya damu ya siku ile. Aliyekuwa na miaka tisa hatakuwa tena na miaka tisa.

Hilo ndilo binti alilolisikia siku ya usaili. Mzee mmoja wa maabara alimwambia kwamba mgodini mtambo ukisimama, hasara ni ya siku hiyo, na kesho mwamba uko palepale. "Hapa kikiharibika, mwanangu, hakuna cha kwenda kuchimba tena." Alitoka pale akiwa ameshaamua, ingawa hakuwa na ujasiri wa kumpigia baba yake jioni hiyo.

Kazi yenyewe

Watu wengi wakisikia mhandisi wa kebo hufikiria mtu anayepanda nguzo. Yeye muda mwingi yuko juu ya dari, chini ya sakafu au mbele ya kabati la breka akiwa na bisibisi na tochi. Miezi ya kwanza mafundi wenzake walimpa tochi ashike wao wafanye kazi. "Dada, mulika hapa." Alimulika, akaandika alichokiona, na mwisho wa wiki akawaonyesha mchoro wa jengo zima: kebo ipi inatoka wapi, inalisha nini, na ipi haina jina. Kebo zisizo na jina zilikuwa nyingi. Hakuna aliyempa tena tochi ya kushika.

Kazi hiyo ina kanuni zake. Kila friza kubwa hupewa njia yake ya umeme na breka yake, ili moja ikileta hitilafu isizime wenzake. Kebo za umeme hazilazwi bega kwa bega na nyaya za mawasiliano, kwa sababu umeme mkubwa huweza kuvuruga taarifa za vipimo na kengele za tahadhari. Kebo nyingi hazifungwi pamoja kama mzigo wa kuni. Waya unaopitisha umeme hutoa joto, na joto likikosa pa kutokea huunguza ganda lake taratibu, miezi au miaka, hadi siku linapopasuka.

Adui mwingine ni skrubu iliyolegea. Mahali waya unapokutana na breka, mgusano ukiwa hafifu, pale pale hupata moto. Huoni cheche wala moshi. Ndiyo maana ana kalenda ya kukaza na kukagua maungio yote, kabati baada ya kabati, hata kama taa zote zinawaka vizuri. Kuna na panya, ambao hutafuna ganda la waya bila kujali ni la maabara au la gengeni.

Halafu kuna suala la umeme kukatika na kurudi. Umeme ukikatika, betri hushika mizigo midogo kama kompyuta na kengele, jenereta huwaka, na swichi inayojigeuza yenyewe huhamisha mzigo. Ni sekunde chache tu, lakini katika sekunde hizo kila kitu hutegemea kazi iliyofanywa wiki iliyopita. Umeme ukirudi nako kuna hatari. Mota ya friza inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa imetulia. Friza kumi zikianza kwa pamoja zinaweza kuangusha breka kuu na kurudisha jengo gizani. Kwa hiyo hupangwa ziwake kwa zamu, moja baada ya nyingine.

Mambo haya hayaonekani. Mgeni akitembelea maabara huonyeshwa darubini na mashine za kupimia. Hakuna anayepelekwa kutazama trei za kebo juu ya dari. Mhandisi huyu huwa anasema siku nzuri kazini kwake ni ile ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba yupo.

Usiku wa kuamkia Aprili 1, 2024

Pasaka ya mwaka 2024 alikwenda nyumbani Kishapu na mtoto wake mdogo. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, hitilafu ilitokea katika gridi ya taifa na umeme ukakatika karibu nchi nzima. Kijijini wengi walikuwa wamelala na hawakujua. Simu yake ndiyo iliyojua. Mfumo wa tahadhari wa maabara ulituma ujumbe, kisha mwingine, kisha fundi wa zamu akapiga.

Jenereta ilikuwa imewaka vizuri. Lakini kabati moja, kati ya yale yanayolisha friza, swichi yake haikuhama. Friza sita zilikuwa hazina umeme.

Nyumba ya mzee ina vyumba vitatu na kuta zake hazizuii sauti. Kila mtu alisikia.

"Kaka, nisikilize. Usifungue mlango wa friza. Hata kuchungulia, usifungue. Mlango ukibaki umefungwa baridi itashika."

Fundi aliuliza kitu.

"Hapana, usiguse bado. Kwanza vaa glavu. Zima breka ya kutoka gridi, ya juu kulia, yenye kibandiko changu chekundu. Umeiona? Soma namba."

Kimya kidogo.

"Hiyo hiyo. Sasa pima. Niambie mita inasoma ngapi. Sifuri? Pima fezi ya pili. Ya tatu. Sawa. Sasa geuza kwa mkono."

Baadaye akamwambia aziwashe friza moja moja, ahesabu dakika kati ya moja na nyingine, na amsomee nyuzijoto. Mzee alikuwa ameamka, ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa chumba. Alikaa pale hadi friza ya sita iliposomwa. Mtu aliyefuga ng'ombe anaujua usiku wa namna hiyo, mtamba anapozaa ndama amekaa vibaya na hakuna daktari wa mifugo wa karibu. Hufungui mdomo kumsemesha anayefanya kazi.

Asubuhi hakusema mengi. Alimuuliza tu, "Zimepona?"

"Zimepona, baba."

"Zilikuwa na damu za watu wangapi?"

Binti alimtajia. Mzee akatikisa kichwa, akaenda kufungulia ng'ombe.

Sindano moja badala ya mbili

Mwezi huo huo wa Aprili 2024, walimu walileta taarifa kwamba wasichana wa miaka 9 hadi 14 watachanjwa dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Chanjo yenyewe haikuwa mpya. Ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa dozi mbili. Safari hii waliambiwa ni dozi moja tu, inatosha.

Nyumbani kwa mzee kuna mjukuu wa darasa la tano, mtoto wa kaka yake binti. Maneno yalikuwa yameshafika kisimani: kwamba chanjo inafunga kizazi, kwamba dozi imepunguzwa kwa sababu dawa zimeisha. Mama wa mtoto aliogopa. Mzee, ambaye ndiye hutoa kauli ya mwisho katika boma hilo, alimpigia simu binti yake Mwanza. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kupiga na kuuliza jambo la kazini kwake.

Binti alimweleza taratibu. Jijini Mwanza, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na washirika wake walifanya utafiti ulioitwa DoRIS. Kuanzia mwaka 2017 waliandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14. Wengine walipewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, kisha damu zao zikafuatiliwa. Matokeo ya miaka miwili yalichapishwa mwaka 2022. Waliopata dozi moja walikuwa na kinga ya kiwango cha chini kuliko wenzao, lakini karibu wote walikuwa bado nayo na ilikuwa haijapotea.

Kenya nako utafiti wa KEN SHE ulihusisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Huko dozi moja ilionyesha uwezo wa kuzuia maambukizi ya aina mbili hatari zaidi za HPV kwa asilimia 97.5. Kwa ushahidi wa namna hiyo, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali utaratibu wa dozi moja, na Tanzania ikaufuata mwaka 2024. Kuhusu kizazi alimwambia hakuna ushahidi kwamba chanjo hiyo inaleta ugumba. Alimkumbusha pia kwamba wanawake wakubwa bado wanatakiwa kwenda kupimwa, chanjo ya mtoto haimkingi mama.

Mzee alinyamaza, kisha akafanya hesabu yake kwa sauti. "Kwa hiyo watoto wa Mwanza walitoa damu. Watu wakaitunza miaka isiharibike. Sasa wa kwangu anachomwa mara moja, habebwi tena kwenda mara ya pili."

"Ndiyo, baba. Ila zile sikuzitunza mimi. Zilitunzwa na wenzetu, kabla sijaajiriwa."

"Hao wenzenu nao walikuwa na waya?"

"Walikuwa nao, baba."

Mjukuu alichanjwa. Mkono ulimuuma siku moja, akaendelea kucheza rede.

Fimbo ya ethi kwenye udongo wa mbuga

Ujuzi huo umefika hadi nyumbani. Likizo iliyofuata alikuja na kipimo cha ardhi. Sehemu kubwa ya Kishapu ni udongo mweusi wa mbuga, ambao masika hunata kama ulimbo na kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Fimbo ya ethi iliyochomekwa juujuu katika udongo kama huo masika hushikana na ardhi vizuri. Kiangazi udongo hukauka na kuiachia. Umeme unaovuja kwenye bati au friji unakosa njia rahisi ya kwenda chini, na njia iliyobaki inaweza kuwa mwili wa mtoto aliyegusa akiwa pekupeku.

Alipima nyumba ya baba yake mwezi wa tisa, usomaji ukawa mbaya. Akachimba, akashusha fimbo ndefu hadi kwenye udongo wenye unyevu, akaongeza ya pili, akaziunga. Kisha akaweka breka inayokata haraka umeme unapovuja. Majirani watatu walimwita nao awapimie. Wawili kati yao hawakuwa na ethi kabisa, waya wa kijani ulikuwa umekatwa na kuachwa ukining'inia nyuma ya meni swichi.

Jambo hili si la wahandisi peke yao. Mzazi anayejenga au anayehamia nyumba ya kupanga anaweza kuuliza maswali mawili tu: fundi aliyefunga umeme ana leseni ya EWURA? Na ethi ilipimwa lini? Ikiwa soketi au bati linakupiga shoti ndogo, hata ya kutekenya, zima meni swichi na uite fundi siku hiyo hiyo, usisubiri izidi.

Mtoto anayependa waya

Wapo watoto wanaofungua redio kuona ndani kuna nini. Mzazi wa Kishapu, Kahama au Geita akimwona mtoto huyo huwaza mgodi, na si vibaya. Migodi imejenga nyumba nyingi. Lakini umeme una milango mingine. Hapo hapo Kishapu, katika kijiji cha Ngunga, kuna mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa megawati 50. Hospitali kubwa, maabara, vituo vya utafiti wa kilimo, mitambo ya simu na reli, vyote vinahitaji mtu anayejua kebo inatoka wapi na inakwenda wapi.

Njia nazo si moja. Aliyefanya vizuri Fizikia na Hisabati anaweza kwenda hadi shahada, kisha akajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi na kufanya kazi chini ya uangalizi wa waliomtangulia. Aliyeishia kidato cha nne anaweza kuanzia VETA na kupanda polepole. Katika timu ya mhandisi huyu, fundi aliyepokea simu usiku ule wa Pasaka alianzia VETA. Ni yeye aliyekuwa na mikono kwenye kabati.

Mtoto akiwa wa kike, ataambiwa ashike tochi. Mzazi asiwe mtu wa kwanza kumpa.

Na ukweli wa fedha usifichwe. Kazi za utafiti mara nyingi hufuata fedha za miradi. Mradi ukiisha, mkataba nao unaweza kuisha. Binti huyu ameongezewa mkataba mara moja na hajui kama ataongezewa tena. Ng'ombe waliouzwa hawajarudi wote. Mdogo wake aliyetakiwa kuanza chuo alichelewa mwaka mmoja kwa sababu ada haikutosha, na jambo hilo bado linamuuma dada mtu kila wakikaa mezani.

Mzee hajaacha kuuliza mkataba unaisha lini. Anauliza kila mwezi. Ila siku hizi, umeme ukikatika usiku, hushika simu yake na kumpigia binti Mwanza kabla ya kuwasha taa ya sola.